Brashi Niliyoificha Nyuma ya Magunia ya Viazi

Kwa miaka sita brashi ya chokaa ya klabu yetu ilikaa Dundori, katika ghala langu la viazi, nyuma ya magunia ya mbegu. Kila aliyeniuliza nilimwambia labda ilibaki kule mjini, kabatini. Nilidanganya, tena nikiwa mwalimu, mtu aliyewasimamisha watoto wa watu mbele ya darasa kwa uongo mdogo kuliko huo.

Ni brashi ya kawaida tu. Nyuzi za mkonge zimefungwa kwa waya kwenye mpini wa mti wa muwati, na mpini umelainika kwa viganja vya wanawake wengi. Lakini katika klabu yetu ya tenisi pale Nakuru, yenye viwanja viwili vya udongo mwekundu na choo kimoja, brashi hiyo ndiyo kombe. Asubuhi ya fainali ya wanawake, bingwa wa mwaka uliopita ndiye anayechora mistari ya uwanja. Anachovya kwenye chokaa, anainama, anavuta mstari baada ya mstari, na mpinzani wake amekaa kwenye benchi akimtazama. Akishinda, brashi inabaki kwake. Akishindwa, anamkabidhi mshindi palepale kwenye neti, mkono kwa mkono, watu wakiona. Hakuna njia nyingine ya kuipata.

Mimi niliishika miaka kumi na moja mfululizo, na nasema hivyo bila kuinamisha macho. Nilifundisha hisabati mchana, jioni nikacheza, Jumapili nikaenda kanisani na mkono wa kulia umevimba, na hakuna mwanamke aliyenishinda katika fainali. Wengine walinifikisha mahali pabaya. Mmoja alinifikisha mahali ambapo nilisali kwa sauti. Lakini brashi ilirudi nyumbani na mimi kila mara.

Nikastaafu nikiwa na miaka arobaini na sita. Niliwaambia goti limeniangusha, nao wakanichinjia mbuzi, wakanisomea risala, wakanipa blanketi. Watu wazima walilia. Mwenyekiti akasema nimeonyesha vijana jinsi bingwa anavyotakiwa kuondoka, yaani kabla hajaondolewa. Nilipiga makofi pamoja nao, na wakati wa kuingia garini nikaitia brashi chini ya kiti, chini ya lile blanketi.

Ukweli wa goti ni huu. Wiki mbili kabla ya kutangaza, nilipita uwanjani asubuhi nikamkuta msichana wa miaka kumi na tisa akifanya mazoezi peke yake, akipiga mipira kutoka kwenye ndoo ya rangi. Nilisimama nyuma ya ua wa miiba ya kei-apple nikamtazama kama dakika ishirini. Alikuwa na mpigo mmoja ambao sijawahi kuuona kwa mwanamke wa Nakuru. Alijiandaa kama anayetaka kupiga kwa nguvu zote, wewe ukarudi nyuma, kisha mkono ukalegea na mpira ukadondoka hapo mbele karibu na neti, ukadunda kidogo, basi. Nilielewa palepale kwamba mwaka ule au unaofuata, huyu angenishinda. Nikaenda nyumbani nikaanza kuchechemea.

Na goti lilisikia nikilisingizia, likaamua kuugua kweli. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa nashuka ngazi mbili za jikoni kwa upande, mguu mmoja mmoja.

Tulihamia Dundori kwenye shamba la mume wangu. Yeye ni mtu wa viazi na ng'ombe, na kila asubuhi anashusha maziwa Nakuru kwa pikapu. Huko kwenye kiwanda cha maziwa ndiko alikokutana na yule msichana, kwa sababu msichana alikuwa ameajiriwa kupima maziwa. Mume wangu alikuwa akirudi na malalamiko kila wiki.

"Yule binti hana huruma," aliniambia siku moja akivua gambuti mlangoni. "Leo amenirudishia mkebe mzima. Eti iko na maji. Ni mvua ilinyesha kidogo nikifungua kifuniko! Kidogo tu!"

"Na yakiwa mazuri anasemaje?"

"Hasemi kitu. Anasema 'Safi', anaita mwingine. Lakini nakwambia, mama watoto, hiyo safi yake ukiipata unaendesha gari ukiimba mpaka nyumbani."

Mume wangu ndiye pia aliyeniletea habari za uwanjani, kwa kuwa akishamaliza maziwa hupita klabu kunywa chai. Hivyo nilijua kwamba msichana wa maziwa ameshinda fainali mwaka mmoja, wa pili, wa tatu. Nilijua mtunza uwanja ndiye aliyekuwa akichora mistari siku hizo, kwa brashi mpya ya dukani, akinung'unika. Nilijua, nikazidi kupanga magunia mbele ya ile brashi.

Kisha akaja mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya baridi, ukungu umekalia matuta ya viazi, nami nilikuwa nachagua mbegu. Alishuka kwenye boda boda, akavua kofia ya chuma, akanifuata moja kwa moja ghalani.

"Sasa mathe. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Karibu."

"Mimi si wa kuzungukazunguka. Nimekuja juu ya ile brashi."

"Ilibaki mjini," nikasema.

"Mathe, hiyo story wachana nayo. Mzee wa uwanja alikuona ukiiweka kwa gari. Amenyamaza tu juu ya vile anakuheshimu." Alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwenye brashi yenyewe, na uso uliniwaka moto. "Na sitaki unipatie. Ya kupewa ningejinunulia kwa hardware. Nataka ukuje tucheze, nikushinde."

Nilicheka. Nilicheka kwa hasira, na nadhani alijua. Nikamuuliza, je, akishindwa yeye?

"Basi utabaki nayo na nitatulia. Lakini miaka tatu, kila nikishinda, lazima kuna mtu ananishika mkono ananiambia, hongera, lakini yule mwalimu hajawahi kushindwa. Kila mwaka! Nimechoka kuwa bingwa wa makombo."

Nilimkaribisha chai ili nipate pa kuficha uso wangu. Alikuja nyuma yangu hadi jikoni, na nilipozipanda zile ngazi mbili nilihisi macho yake kwenye goti langu. Alikunywa chai, akaniachia tarehe, akaenda zake.

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu nataka kurudi. Aliweka kijiko chini.

"Umeshamaliza, mama watoto. Watu walikula mbuzi wako. Huwezi kurudi ukawaambia watapike."

Hakuwa peke yake. Akina mama wa kanisani walitaka kujua kama bado kuna sketi inayonitosha. Mzee mmoja wa Kisikh mwenye duka la vipuri, mwanachama kabla yangu, alinipigia simu akaniambia kwa upole kwamba yeye akiwaeleza wajukuu zake habari za klabu huanza na mimi, na asingependa kubadilisha hadithi. Na mume wangu, ambaye hatazami tenisi ila kwenye runinga ya kinyozi, alinihesabia mabingwa wakubwa wa dunia waliorudi na mikanda ya goti wakapigwa na watoto ambao hata majina yao hayasomeki. "Uliona sura zao?" aliniuliza. "Mimi sitaki kuona wewe na hiyo sura."

Nilimwambia: "Hao wa runinga walirudi kwa sababu walikosa makofi. Mimi sikuacha kwa goti. Niliacha kwa sababu nilimwona huyo msichana nikamwogopa. Hiyo brashi niliiiba."

Mume wangu akainuka, akachukua koti.

"Basi twende tukatafute ukuta," akasema.

Ukuta tuliupata kwenye shule ya msingi hapo juu, upande wa nyuma wa darasa la nane. Kwa miezi mitatu, kila jioni ng'ombe wakishakamuliwa, nilipiga mipira ukutani, na Jumapili mchana mume wangu alinirushia kwa mkono katika uwanja wa voliboli, akiwa amevaa suti ya kanisani. Alirusha vibaya sana. Lakini mkono wangu ulikumbuka, na kufikia mwezi wa tatu mipira yangu ilikuwa inaruka ukingo hadi ukingo kama zamani, mirefu, yenye nguvu. Nilivimba kichwa. Nilimwambia mume wangu nadhani nimerudi mdogo. Goti lilifungwa bendeji na kupakwa mafuta ya kuku, nalo likajitia hamnazo.

Kwa mujibu wa desturi nilitakiwa kuchora mistari, maana brashi ilikuwa mkononi mwangu, na mwenye brashi huingia fainali bila mechi za mchujo, ambazo msichana alizishinda zote. Siku ya fainali nilishuka Nakuru asubuhi nimeishika wazi, bila blanketi. Mtunza uwanja aliniona nikiingia langoni. Ni mwanamume wa rika langu, mfupi, mwenye kelele. Aliitazama brashi, akanitazama mimi, akasema tu kwamba chokaa iko kwenye ndoo. Nikainama nikaanza na mstari wa nyuma. Msichana wa maziwa alikuwa kwenye benchi, mikono magotini, akinitazama kama nilivyotazamwa miaka kumi na moja. Mgongo uliuma. Nilifurahi hata machozi yakanilenga, nikajifanya ni chokaa.

Watu walijaa. Sijui walitoka wapi. Klabu ina wanachama wachache, lakini siku hiyo walikaa hadi juu ya tangi la maji, na walipoingia akina mama wa kanisani kwangu na leso zao za mabegani nilijua sketi yangu itajadiliwa mwezi mzima. Mtunza uwanja alipanda kiti cha mwamuzi.

Katika seti ya kwanza nilikiona cha mtema kuni. Kila mpira niliopiga ulipungua. Mipigo ile ile iliyokuwa ikigonga ukuta wa darasa la nane kwa kishindo sasa ilijaa kwenye neti, au ilivuka na kuangukia katikati, laini, ikimwomba msichana aipige. Naye aliipiga. Nilizidisha nguvu, ikazidi kwenda mrama. Niliona watu wakiangalia viatu vyao. Mume wangu, kwenye kona, alikuwa na ile sura aliyoniambia hataki kuiona kwangu. Sita kwa tatu.

Nilipokaa kunywa maji ndipo nilipoangalia juu, upande wa mashariki, nikaona ukingo wa Dundori umejaa mawingu, mbali, juu kabisa. Nikataka kujipiga kofi. Kwa miaka kumi na moja mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka wageni kutoka Mombasa waliokuja kucheza kwetu na mipira yao ikatoka nje yote, nikiwaeleza kwamba huku juu hewa ni nyepesi, mpira hauna wa kuuzuia. Na sasa nimekwenda kujifua juu zaidi, kwenye baridi ya viazi, mahali ambapo mpira unaruka wenyewe, kisha nikashuka nao bondeni nikidhani nguvu zile ni zangu. Mwalimu wa hisabati!

Seti ya pili nilianza kuuinua mpira. Sikuongeza nguvu, niliupandisha tu juu ya neti, kipimo cha kichwa cha mtu, nikauacha uende. Ukaenda. Mipira ikaanza kuanguka karibu na mstari nilioupaka mwenyewe, na vumbi la chokaa likaruka. Mtunza uwanja akasahau kwamba yeye ni mwamuzi akapiga makofi. Sita kwa nne, yangu. Akina mama wa kanisani walipiga vigelegele, na mzee wa Kisikh alisimama juani akipunga gazeti.

Seti ya tatu nikaongoza moja, mbili, nne kwa moja. Gemu mbili tu zilikuwa zimebaki. Goti lilikuwa linawaka ndani ya bendeji na nilikuwa nachechemea waziwazi, lakini nilikuwa naongoza, na tayari nilikuwa nasikia maneno yatakayosemwa. Miaka hamsini na miwili. Hajawahi kushindwa. Alirudi, akashinda, akaondoka tena.

Ndipo nilipoona jambo nililokuwa nimelikataa tangu seti ya pili. Mara tatu mfululizo msichana alinisukuma hadi nyuma kabisa, kwenye kona, mbele yangu pakabaki uwanja mzima mtupu. Mara tatu mkono wake ulianza kulegea kwa ule mpigo wake niliouona nyuma ya ua. Na mara zote tatu alijizuia, akaupiga mpira mrefu, ukanifuata pale pale nilipokuwa. Mpira mmoja mfupi, na mimi nisingefika. Alikuwa ameziona zile ngazi mbili za jikoni kwangu. Alikuwa ananihurumia, na huenda hata yeye hakujua kwamba huruma hiyo inampotezea mechi.

Tulipobadilishana upande nilikuwa na sekunde chache. Nisingesema kitu, ningeshinda. Hakuna mtu hata mmoja uwanjani ambaye angejua, isipokuwa mimi na yeye, na yeye asingesema kamwe. Jina langu lingebaki lilivyo mpaka nizikwe. Niseme ukweli: nilitaka kunyamaza. Nilipita karibu naye pale penye nguzo ya neti nikiwa nimeshaamua kunyamaza, na hasira ikanishinda.

"Wewe," nikamwambia kwa sauti ya darasani. "Unamrudishia mume wangu mkebe mzima kwa tone la mvua. Leo mbona wanipa maziwa ya maji?"

Alishtuka. "Mathe, mimi..."

"Sikushuka Dundori kuja kuheshimiwa. Ule mpira wako mfupi uko wapi? Piga."

Alinitazama goti, akanitazama usoni. Kisha akafuta kiganja kwenye sketi yake, akaenda kusimama nyuma ya mstari.

Akapiga. Mungu wangu, alipiga. Mpira wa kwanza mfupi ulinipata nikiwa nyuma kabisa; nilikimbia hatua tatu nikaushuhudia ukidunda mara ya pili. Wa pili niliufikia, akaupitisha juu ya kichwa changu. Alinipeleka mbele na kunirudisha nyuma. Nne kwa mbili, nne kwa tatu, nne kwa nne. Mtu mmoja kwenye tangi alipaza sauti kumwambia aache kumwonea mama, nami nikageuka nikamwambia afunge mdomo wake. Nilijipatia gemu moja zaidi, kwa kukimbia mbele kabla hajapiga, kwa kubahatisha, kwa ujanja wote niliokuwa nao tangu ujana. Tano kwa nne. Nilibakiza gemu moja. Ile gemu ilienda na kurudi, sare kwa sare, mpaka nikapoteza hesabu, mimi niliyefundisha hesabu. Sikuipata. Akasawazisha, akapita, na katika pointi ya mwisho nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye udongo mwekundu, raketi imenyooshwa mbele, na mpira umetulia umbali wa shubiri mbili kutoka kwenye ncha yake. Saba kwa tano.

Nilibaki pale chini kidogo. Nilingojea aibu ije, ile niliyoikimbia miaka sita, niliyoitengenezea goti na kuifukia kwa magunia. Badala yake nilisikia moyo wangu ukidunda kwenye udongo na nikaona kwamba nina furaha, na najivunia. Sikuwahi kucheza vizuri hivyo katika mwaka wowote kati ya ile kumi na moja. Na yule niliyemwogopa alikuwa mkubwa kama nilivyomdhania, kwa hiyo angalau macho yangu hayakuwa ya mwoga bure.

Mume wangu alitaka kuingia uwanjani kuniinua, mtunza uwanja akamzuia kwa mkono. Niliinuka mwenyewe, kwa hatua, goti la kushoto kwanza. Nikaenda benchini nikachukua brashi, chokaa ya asubuhi imekaukia kwenye nyuzi zake, nikaipeleka hadi kwenye neti. Watu wote walikuwa wamesimama.

"Niliiba," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye tangi. "Iko kwangu miaka sita, na haikuwa yangu. Chokaa uiloweke usiku wa kuamkia fainali. Mstari wa nyuma anza kushoto, kuna kibonde hapo karibu na nguzo."

Hakunishukuru wala hakulia. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaukagua mpini, akapitisha kidole kwenye mkonge, akainusa, kama anavyofanya, nadhani, kila asubuhi na mkebe wa mtu yeyote. Halafu akainua macho akanitazama mimi, kuanzia bendeji mpaka vumbi la usoni, bila haraka.

"Safi," akasema.

Mume wangu aliendesha gari na mimi nikaimba mpaka nyumbani.